Mtoto Aliyetumwa Ng'ambo

Ndugu msomaji, kila mara kijana wa Kitanzania aliyeko masomoni nje ya nchi anapopatwa na jambo, liwe kashfa au baa, vijiweni hugawanyika pande mbili. Hapa kwetu, kuanzia Dongobesh hadi Katesh, upande mmoja utasema: "Kakosa adabu, katuaibisha." Upande wa pili utasema: "Mwacheni jamani, yuko peke yake huko majuu." Wanabishana mpaka kahawa inapoa. Lakini ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza maswali mawili ambayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nani alimtuma kijana yule? Na huyo aliyemtuma, naye alimwahidi nini?

Mimi niliishia kidato cha nne na ndege naiona ikipita angani tu. Lakini nina hadithi ndefu ninayoiandika, juu ya kijana wa Mbulu anayekwenda kusoma Ulaya, na nilipotaka kujua atawekewa sheria gani nikajikuta nimezama katika historia. Nilichokikuta humo si hadithi ya kubuni. Ni historia ya nidhamu iliyoandikwa upande mmoja tu wa karatasi. Wajibu wa anayekwenda umeandikwa kwa wino mzito. Wajibu wa anayemtuma mara nyingi haukuandikwa kabisa.

ADABU YA NYUMBANI

Tuanze nyumbani, maana mkataa kwao ni mtumwa. Kabla ya kuja kwa shule na pasi za kusafiria, watu wa Mbulu na Hanang walikuwa na kanuni zao juu ya mtu na mwenendo wake. Kwa Wairaqw, kosa au msiba fulani haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa na unajisi ambao ungeweza kusambaa katika boma na kitongoji kizima. Kwa hiyo mhusika alitengwa, hali iitwayo metimani. Hakuchangamana na majirani wala kula na kunywa nao mpaka muda wake utimie. Msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alionja ukali wa desturi hii kuliko wote, maana aliweza kufukuzwa nyumbani kabisa. Sisemi haya ili niyasifu. Ulikuwa ukatili, na wengi walioumia ni wale wasiokuwa na sauti.

Lakini ndani ya desturi hiyo kuna jambo la kujifunza. Metimani ilikuwa na mwisho. Muda ukiisha, mtu alirudi kunywa maji na wenzake. Adhabu ilikuwa na mlango wa kutokea na mlango wa kurudia. Tena wazee walikuwa na slufay, ile sala ndefu ya baraka ambayo mzee mmoja hutangulia maneno na wengine huitikia, wakiombea watu, mifugo, mvua na amani. Aliyeombewa hivyo mbele ya watu alijua kwamba ana deni kwao. Lakini nao walijua kwamba wameshamchukua mabegani.

Tuvuke sasa hadi Hanang, kwa Wabarabaig. Huko wanawake walikuwa na baraza lao, lenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza faini ya ng'ombe. Mwanamume mwenye mifugo tele na sauti ya ngurumo aliitwa mbele ya wake za watu akajibu. Maana yake ni kwamba adabu haikumdai mdogo peke yake. Mkubwa naye aliweza kudaiwa.

Naomba tuyashike mambo haya mawili mkononi kama fimbo ya safari. Kwanza, adhabu yenye mlango wa kurudia. Pili, adabu inayomdai pia mkubwa. Tutaona jinsi yalivyopotea njiani.

NG'AMBO YA KWANZA

Kwa mtoto wa Mbulu, ng'ambo ya kwanza haikuwa Ulaya. Ilikuwa shule ya bweni. Waingereza walifungua shule ya Tabora mwaka 1925, na mwanzoni ililengwa hasa kwa watoto wa machifu, ili wakahitimu na kurudi kuwasaidia watawala. Mtoto aliondoka kwao akiwa na mablanketi na kusindikizwa, akafika mahali penye kengele, viranja, mstari wa asubuhi na fimbo. Aliyemlea sasa alikuwa mwalimu wa Kizungu. Baba yake mzazi alibaki mbali, akipokea habari kwa barua kama alijua kusoma au alikuwa na wa kumsomea.

Misheni nazo zilikuwa na utaratibu wao. Eneo la Mbulu lilifanywa kuwa jimbo la kimisioni la Kanisa Katoliki mwaka 1943, chini ya mapadri Wapalotini, na likawa jimbo kamili mwaka 1953. Kijana aliyetaka upadri alipendekezwa na parokia, akapelekwa seminari, na aliyefaulu vizuri zaidi aliweza kutumwa hadi Roma. Dk. Wilbroad Slaa, ambaye wengi wanamfahamu kwa siasa na ubunge wa Karatu, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu, alipita njia hiyo na kupata udaktari wa sheria za Kanisa huko Roma. Mseminari hajipeleki. Askofu ndiye anayemtuma, ndiye anayejua atasoma nini, na kwake ndiko anakorudi. Ni nidhamu kali, hapana ubishi. Lakini angalau kila mtu anamjua mtumaji kwa jina, na mtumwaji akiugua huko aliko, kuna nyumba ya watawa itakayomfungulia mlango.

Waliokwenda Uingereza kwa fedha za serikali ya kikoloni walikuta mpango mwingine. Kuanzia mwaka 1950 kazi ya kuwapokea wanafunzi wa makoloni na kuwatafutia malazi ilipewa British Council. Waingereza waliogopa mambo mawili: kwamba kijana atapata baridi na upweke, na kwamba katika upweke huo ataangukia mikononi mwa wakomunisti. Hivyo kumpokea mgeni na kumchunga kulikwenda pamoja. Ukarimu ulikuwa na jicho.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mmoja wa wanafunzi wa enzi hiyo. Alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Alitarajiwa kusoma sayansi, lakini aliomba kubadili akaruhusiwa kusoma masomo ya sanaa. Fikiri kidogo, msomaji. Kama wakubwa wangelihesabu ombi lile kuwa ni utovu wa nidhamu wakamrudisha, historia ya nchi hii ingekuwaje? Si kila anayetoka nje ya mstari amekosa adabu. Mwingine ameona njia ambayo mtumaji hakuiona.

MIAKA YA 60: MOSCOW, SOFIA NA PEKING

Uhuru ulipokaribia, milango ya ng'ambo ikafunguka yote kwa mpigo. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alianza kuwasafirisha vijana kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani, na ndege zilizofuata zikachukua pia vijana wa Tanganyika. Mwaka 1960 Urusi ikafungua chuo kikuu huko Moscow kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ambacho mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. China nayo ikaita. Ujerumani Mashariki ikaita. Kila taifa kubwa lilitaka kumlea kijana wa Kiafrika, na kila moja lilikuwa na masharti yake ya malezi.

Hapo ndipo neno "nidhamu" lilipoanza kutumika kufunika mambo mengine. Mwaka 1962, mwanafunzi kutoka Zanzibar alipigwa katika hoteli moja mjini Peking. Wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa China wakati ule, ambao walikuwa mia na ushee tu, walipinga kwa nguvu kitendo kile, na wengi wao hatimaye waliondoka kabla ya kumaliza masomo. Mghana mmoja aliyekuwa nao, Emmanuel Hevi, aliandika kitabu kizima juu ya maisha yao huko, kikatoka mwaka 1963.

Mwezi Februari mwaka 1963 ilikuwa zamu ya Sofia, mji mkuu wa Bulgaria. Wanafunzi wa Kiafrika walitaka chama chao wenyewe. Wenyeji wakakataa, wanafunzi wakaandamana, na wengi wakafungasha virago. Mwaka huohuo, tarehe 18 Desemba, mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi kwenye uwanja mwekundu wa Moscow baada ya mwenzao wa Ghana kukutwa amekufa kwenye theluji nje ya mji. Serikali ilisema alikuwa amelewa akafa kwa baridi. Wenzake waliamini aliuawa kwa sababu ya mapenzi yake na msichana wa Kirusi. Baadhi ya mabango yao yaliifananisha Moscow na Alabama, yaani ile sehemu ya Marekani ambako watu weusi walikuwa wakinyanyaswa wazi wazi.

Sasa tazama mzani ulivyowekwa. Wakubwa waliwaona vijana hawa kama watovu wa shukrani: wamelipiwa nauli, wamelishwa, wamevishwa makoti, na bado wanaandamana! Huo ndio wimbo ambao mwanafunzi wa ng'ambo amekuwa akiimbiwa mpaka leo. Umepewa, kwa hiyo nyamaza. Lakini kupewa koti si kuuza mdomo. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema mjumbe apigwe hotelini halafu aandike barua ya kushukuru kwa ajili ya chai.

MFANO WA MWALIMU

Serikali yetu changa ilikuwa na sababu zake za kuwa kali. Wakati wa uhuru, mwaka 1961, wasomi walikuwa wa kuhesabu. Kila mmoja aliyepelekwa nje alikuwa amenunuliwa kwa pamba, katani na kahawa ya watu ambao wengi wao hawakujua hata kuandika majina yao. Ndiyo maana mwanafunzi aliyelipiwa na serikali alitakiwa kusaini mkataba wa kuitumikia nchi kwa miaka mitano baada ya masomo.

Mwalimu aliueleza wajibu huo kwa mfano ambao wazee wengi bado wanaukumbuka. Kijiji kina njaa. Wanakijiji wanamchagua mtu mmoja mwenye nguvu, wanampa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea kingine. Akila akashiba asirudi, huyo ni msaliti.

Mfano huu tumeusikia mashuleni, na kila mara uliishia kwenye usaliti wa yule mtu. Mimi naomba tuusome tena kutoka mwanzo. Kabla ya jambo lolote, wanakijiji walifanya nini? Walimpa chakula! Hawakumpeleka njiani na ahadi ya chakula. Hawakumwambia kwamba posho yake itafuata mwezi ujao, au baada ya fedha za kigeni kupatikana. Walianza wao kutimiza sehemu yao, ndipo wakawa na haki ya kumwita msaliti. Mfano wenyewe una pande mbili, ila sisi tumezoea kuusimulia upande mmoja.

Tarehe 22 Oktoba 1966 pande hizo mbili zilikutana uso kwa uso, ingawa ilikuwa hapa hapa nyumbani. Wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, pamoja na wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao wakiwa humo. Mwalimu alikasirika. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa na kurudishwa makwao mikoani. Lakini siku ileile alitangaza kupunguza mishahara ya wakubwa wa serikali, akianza na wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na mwaka uliofuata wengi wa wale wanafunzi waliruhusiwa kurudi masomoni.

Hapo, msomaji, hata kama hukubaliani na ukali ule, utaona zile fimbo zetu mbili za Mbulu na Hanang. Mkubwa naye alidaiwa, na adhabu ilikuwa na mlango wa kurudia. Nadhani ndiyo sababu tukio lile linasimuliwa mpaka leo bila uchungu mwingi kama ambavyo lingeweza kusimuliwa.

Baadaye likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda chuo moja kwa moja. Ilibidi apite Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na apate maoni mazuri ya mwajiri wake na ya chama. Tabia ikawa sehemu ya cheti. Nia ilikuwa njema: kupata msomi anayejua jembe lina uzito gani. Lakini kila barua ya tabia ina mwandishi, na kila mwandishi ana ndugu zake na chuki zake. Kijana aliyemkosea mkubwa wa tawi alijua kwamba safari yake iko mfukoni mwa mtu mwingine. Utaratibu wa mkubwa kumwandikia barua mdogo uliwekwa. Wa mdogo kumwandikia mkubwa haukuwekwa.

WANARIADHA WETU

Ukitaka kuona jinsi watu wa huku walivyoielewa maana ya kutumwa, mtazame John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico. Alianguka akaumia goti. Waliokimbia walikuwa 75, na 57 tu ndio waliomaliza. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani wa mwisho kabisa, zaidi ya saa nzima baadaye, mguu umefungwa bandeji, watu wengi wameshaondoka na jua limeshazama. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lililozunguka dunia lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Akhwari hakuwa mwanafunzi. Lakini hakuna mwalimu wa nidhamu aliyesema vizuri zaidi yake. Angalia kwamba hakutaja kuogopa adhabu. Alitaja kutumwa. Mtu anayejua ametumwa na nani, tena akaamini kwamba aliyemtuma anamtaka, hahitaji mlinzi wa kumchunga usiku.

Baada yake wako wanariadha waliokuwa wanafunzi kweli kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, chuo kikuu cha Texas kilichopo El Paso, Marekani, kiliwachukua wakimbiaji kutoka Afrika Mashariki. Suleiman Nyambui alikuwa huko. Gidamis Shahanga wa Hanang, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978 na mita 10,000 mjini Brisbane mwaka 1982, alikuwa huko pia.

Maisha yao yalikuwa na nidhamu ya namna ya pekee. Kuanzia mwaka 1973 udhamini wa michezo katika vyuo vya Marekani ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Ukikimbia vizuri na kufaulu darasani, unaongezewa. Ukiumia goti kama Akhwari, unaweza usiongezewe. Hapakuwa na slufay wala jirani wa kukusubiri umalize metimani yako. Halafu mafanikio yao yakawaudhi wenyeji. Makocha wa vyuo vingine walilalamika kwamba Waafrika hawa ni watu wazima wanaoshindana na watoto, na sheria za umri zikakazwa. Kijana aliyefanya yote aliyoambiwa, akafika na mapema, akakimbia, akashinda, alijikuta analaumiwa kwa kushinda. Nidhamu ya mgeni ina tabu hiyo. Mwenyeji anaweza kuisogeza mistari ya uwanja wakati wewe umeshaanza kukimbia.

NGANO YA BASOTU

Lakini kutii nako kuna swali lake, na swali hilo halihitaji kufuatwa mbali. Liko Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Kanada ilisaidia kuanzisha mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Hanang. Yakafika saba, kila moja la takriban ekari 10,000, chini ya shirika la umma la NAFCO: Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengineyo. Mitambo ilitoka Kanada, wataalamu walitoka Kanada, na Watanzania walipelekwa Kanada kusomea kilimo na ufundi ili warudi kushika nafasi za wageni.

Kwa kipimo cha serikali, aliyekwenda, akasoma, akavumilia theluji, akarudi na kuwasha trekta Basotu alikuwa mfano wa nidhamu. Hakubaki kubeba maboksi. Hakuoa Mzungu akapotelea huko. Alirudi. Lakini trekta lile lililima wapi? Lililima malisho ya Wabarabaig. Wafugaji walizuiwa kupita na ng'ombe wao, na makaburi ya wazee wao, yale yaitwayo bung'eda, ambayo kwao ni mahali patakatifu, mengine yalipitiwa na jembe. Wabarabaig wa Mulbadaw walikwenda mahakamani miaka ya 1980. Walishinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu ile.

Simlaumu fundi aliyetumwa Kanada. Alitumwa, akatii. Ninachosema ni kwamba katika sheria zote alizofundishwa kabla ya kupanda ndege (usilewe, usichelewe darasani, usiongee siasa, usikose kurudi) hapakuwa na hata moja iliyomtaka awaulize watu wa Basotu wanahitaji nini. Alikuwa na nidhamu kwa aliyesaini karatasi yake. Aliyelipa kwa ardhi yake hakuwa na karatasi ya kusaini. Je, huyo naye si mtumaji?

SIKU HIZI

Siku hizi safari zimekuwa za namna nyingi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa wengi ufadhili ukageuka deni. Wengine wanapelekwa na wazazi walioshusha ng'ombe mnadani. Wengine wanapata nafasi China, India, Urusi, Uturuki. Wengine huenda wakiwa wameshakula chumvi: Frederick Sumaye, mwana wa Hanang aliyesoma kilimo Egerton, Kenya, alipomaliza uwaziri mkuu wa miaka kumi mwaka 2005 alikwenda kukaa tena darasani, Harvard. Mzee kama huyo haandikiwi barua ya tabia. Kijana wa miaka ishirini ndiye anayeandikiwa.

Na kijana huyo ndiye anayekutwa na dunia. Januari mwaka 2020 mji wa Wuhan, China, ulipofungwa kwa ugonjwa wa korona, mamia ya wanafunzi wa Kitanzania walikuwa humo. Nchi kadhaa zilituma ndege kuwachukua watu wao. Sisi hatukutuma. Vijana waliambiwa watulie na wafuate maelekezo, nao wakatulia majuma mengi vyumbani mwao. Kama kuna mtihani wa nidhamu, ule ulikuwa mtihani, na walifaulu. Mwaka 2022 waliokuwa Ukraine walijikuta wanatafuta mpaka kwa miguu na kwa treni wakati mabomu yanaanguka. Na tarehe 7 Oktoba 2023 vijana wawili wa kaskazini mwa nchi yetu, waliokwenda Israel kujifunza kilimo, waliuawa katika shambulio la siku ile. Mwili wa mmoja ulirudi nyumbani mwaka huohuo. Mwili wa mwingine ulirudi mwaka 2025, baada ya wazazi wake kungoja miaka miwili.

Hao wawili hawakukosa darasa wala kulewa. Walikwenda walikotumwa, wakafanya walichotumwa. Mbele ya misiba ya namna hii, orodha ya makatazo ambayo hupewa anayesafiri inaonekana nyepesi kama karatasi ya sigara. Mzazi anayeaga mtoto uwanja wa ndege haulizi kwanza kama mtoto atavaa vizuri. Anauliza: kukitokea jambo, nani atampigia simu? Nani atajua analala wapi? Mtu akinijibu kwamba hilo ni suala la ubalozi na si la nidhamu, nami nitamjibu kwamba huko ndiko kupotoka kwetu. Kwa wazee wetu ilikuwa kitu kimoja.

TUSEME NINI BASI?

Sisemi kwamba vijana waende wakafanye watakavyo. La hasha! Wapo wanaokwenda wakala ada, wakasahau hata kumpigia mama yao simu. Wapo wanaoharibu jina la nchi, na anayekuja nyuma yao ndiye anayenyimwa viza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na maneno hayo hayajachakaa.

Ila nasema hivi. Kila karatasi ya masharti anayosaini mwanafunzi anayekwenda nje ingekuwa na upande wa pili, na upande huo ausaini mtumaji: awe serikali, dini, shirika au ukoo. Hapo iandikwe: posho yako itafika tarehe fulani. Ukiumwa, tutakuja. Ukinyanyaswa ukasema, hatutakuita mtovu wa nidhamu kabla ya kukusikiliza. Ukikosea, utaadhibiwa, lakini adhabu yako itakuwa na mwisho na utarudi kunywa maji na wenzako. Na kabla hujaondoka utakaa na watu ambao elimu yako itagusa ardhi yao, ili ujue kwamba nao wamekutuma.

Wazee wa Mbulu hawakuhitaji karatasi kwa hayo. Walisimama wakaomba kwa sauti, mbele ya watu wote, na aliyeombewa akaondoka akijua deni lake na deni lao. Sisi tunaojua kusoma na kuandika tumeweka deni moja tu kwenye maandishi. Vijana wenzangu mnaojaza fomu mwaka huu, kabla ya kuweka sahihi igeuzeni karatasi muangalie nyuma yake. Kama ni tupu, ulizeni.